Nazi Haikushindwa

Rukia mwanangu,

Salamu zangu leo hazina safari. Kutoka meza hii hadi kitanda chako ni hatua saba, nimezipita mara nyingi tangu mchana. Kesho ndipo salamu zitajua maana ya njia. Wewe umekwenda Makorora kuwaaga shangazi zako, nami nimechukua daftari lako la hesabu la kidato cha pili, nimechana karatasi za nyuma ambazo hukuzigusa. Usiucheke mwandiko. Tangu nimalize darasa la saba sijaandika kitu kirefu kuliko ujumbe wa simu.

Sitakuandikia habari ya sweta wala baridi ya Arusha huko chuo cha ufundi unakokwenda. Bibi yako ameyasema hayo tangu Jumatatu, na kesho stendi atayasema tena mbele ya watu, utaona. Mie nina neno jingine, nalitafutia mwanzo tangu adhuhuri. Nimefagia ua mara mbili, na hata mara ya kwanza haukuwa mchafu. Nimefungua begi lako, nimelifunga, nimelifungua tena. Maharage yako motoni, nimeyatia chumvi, kisha nimesahau kama nimeyatia. Basi nimekaa.

Neno lenyewe lilinichoma Ijumaa iliyopita, wewe huna habari. Ulikuwa barazani na mwenzio Mwanahawa, mnakula mihogo. Akakuuliza, "Sasa huko ndo utasoma mambo ya babu yako?" Ukamwambia, "Pampu na mafuta, ndiyo." Akacheka, "Na lile gari la nazi mtalifufua?" Nawe ukasema, "Aa, nazi haifai bwana. Babu alijaribu ikamshinda. Mwenyewe alisema." Ukamega muhogo ukachovya kwenye pilipili, mkahamia habari nyingine.

Mie nilikuwa nyuma ya pazia na sufuria mkononi. Nilisimama pale mpaka mkono ukafa ganzi.

Nazi haikumshinda babu yako, Rukia. Niliiharibu mie.

Sasa nimeliandika. Acha nikueleze vizuri, maana nikiliacha hivi litakuwa kama nimekurushia jiwe nikakimbia.

Wewe ulimjua babu yako akiwa mzee wa miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuwekea bisibisi sikioni akakwambia, "Sikiliza, silinda ya tatu inalia." Mie nilimjua kabla. Zamani hizo lori likiharibika pampu ya dizeli hapa Tanga, pampu ilitiwa gunia, ikapakiwa basi, ikapelekwa Dar au Mombasa, na mwenye lori akakaa barazani wiki tatu anahesabu tasbihi. Hapa mjini hapakuwa na mtu wa kuifungua. Babu yako alikuwa mfagiaji wa chumba cha mashine kwenye shamba la mkonge. Fundi wa pale alikuwa mzee wa Kihindi, mtu mwema, lakini akifika mahali pa kupima pampu humgeuzia mgongo asione. Babu yako akajifunza kwa masikio. Aliniambia, "Mgongo wake ulikuwa mnene, lakini sauti haizuiliki."

Alipohamia hapa Ngamiani akaunda benchi lake la kupimia. Mota ilitoka kwenye kinu kilichokufa cha kusaga unga. Mirija ya vioo alipewa na shule iliyokuwa inatupa vyombo vyake vya zamani. Unawasha mota, pampu inazunguka, na kila mrija unapokea dizeli ya silinda yake. Ikipanda yote sawasawa, kama safu ya watu wanaoswali, pampu imepona. Mmoja ukibaki nyuma, unafungua tena. Watu walitoka Pangani, Muheza, hata Lushoto, kuja kuangalia mirija ile. Na mie, binti wa miaka kumi na minne, ndiye niliyekuwa naisoma na kuita namba.

Hilo halikuwapendeza wajomba zangu. "Bakari, mtoto wa kike ananuka dizeli, nani ataoa lori?" Babu yako akawajibu, "Atakayekuja aje na pampu yake, tutampima." Lakini walirudi na neno lile kila Idi, na nilijua wanangoja nikosee mara moja tu.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kuosha. Ndani ya pampu mna vijiti vya chuma, na kila kijiti kina ala yake kinamoingia. Mafundi huita plenja na bareli, wewe utafundishwa zaidi ya hapo. Babu yako aliita mume na mke. Vimesagwa pamoja tangu kiwandani, kimoja kwa kimoja, hata unywele haupiti katikati. "Hawa wameoana," alisema, "na talaka hapana. Ukimpa huyu mume wa yule, nyumba zote mbili zinaungua." Kwa hiyo alichonga ubao wa mfenesi wenye vitundu, mume hapa na mke wake ubavuni, ili wasichanganyike hata dakika moja. Unaosha kwa dizeli safi, hufuti kwa kitambaa, na huushiki uso wa chuma kwa kidole, maana jasho letu la pwani lina chumvi na chuma kinakumbuka chumvi. Ukitaka kujua kama ndoa ni nzima, unainamisha ala, unavuta kijiti nusu, unakiachia. Kinatakiwa kishuke chenyewe, polepole, kama mwanamke anayeshuka ngazi na mtungi kichwani.

Sasa nazi. Wazo lilimjia kwa sababu ya nywele za bibi yako. Ilikuwa Julai, mie nimeshatimiza miaka kumi na minane, asubuhi mafuta ya nazi yameganda chupani, meupe kama mshumaa, bibi yako akaanika chupa juani yayeyuke apate kusukwa. Babu yako akasimama mbele ya chupa ile na mswaki mdomoni. Akasema, "Kumbe tatizo lake ni baridi tu." Bibi yako akamwambia, "Tatizo lako wewe ni uvivu, niondolee kivuli." Lakini yeye alikwisha kwenda.

Miezi minne alihangaika. Bei ya nazi ilikuwa imekufa wakati ule, kule Tongoni zilikuwa zinaotea uani. Akaunda tangi la pili la bati, akalizungushia ndani bomba la shaba, maji ya moto ya injini yapite humo yayeyushe mafuta. Gari linaamka kwa dizeli. Injini ikipata moto, unageuza koki, linakula nazi. Ukikaribia kufika unarudisha dizeli, isafishe njia, mafuta yasije yakaganda ndani gari likilala. Leo unaweza kuniambia kwamba huko duniani wako waliofanya hivyo. Huenda. Hapa hakuna aliyemwonyesha. Alikaa chini akafikiri.

Na likaenda, Rukia! Wiki tatu pikapu yetu ilizunguka barabara zote za Ngamiani kwa nazi. Moshi wake ulinukia maandazi. Watoto wa chuo cha Kurani walikuwa wanaikimbiza na juzuu zao. Jirani yetu Bi Chausiku akitoka mlangoni, "Fundi, leo umekaanga nini?" "Kalmati, Bi Chausiku, lete sahani!" Sijamwona babu yako akicheka vile tena.

Habari ikawafika wakubwa wa mkoa. Wakasema watakuja Jumamosi, wao na walimu wawili wa ufundi, gari liende Tongoni na kurudi mbele ya macho yao. Mzee Jumbe wa Tongoni, mwenye minazi mingi, aliahidi kuwapokea kwa madafu. Siku moja kabla, babu yako akafungua pampu atazame nazi imefanya nini ndani.

Hapa usome polepole. Vijiti vyote vinne vilikuwa safi. Havikuwa na gundi wala doa. Niliviosha asubuhi ile kwa mikono yangu na dizeli ya kuoshea ilibaki rangi yake. Babu yako alivitazama juani, akanipa mimi nami nitazame, akasema, "Umeona?" Nikasema, "Safi kama kikombe." Wiki tatu za nazi. Aliyeona hilo kwa macho na yuko hai leo ni mimi peke yangu.

Saa kumi kasoro nikaenda nyumba ya pili kupakwa hina. Somo yangu Zuhura, rafiki yangu mkubwa, alikuwa anaolewa Jumamosi hiyo hiyo usiku. Nikapakwa mikono yote miwili, maua mpaka kwenye viwiko, kisha wakanivika mifuko ya nailoni na mipira ya kufungia kwenye vifundo, ikae ikolee. Haijapita nusu saa namsikia babu yako, "Mwanaidi! Njoo mara moja, upepo umetia vumbi kwenye vijiti, visuuze nifunge kabla jua halijatua!" Umeme ulikuwa wa mgao, siku ile haukuwepo tangu asubuhi.

Nilitakiwa kusema, "Baba, ngoja ninawe." Neno moja tu. Lakini hina ya nusu saa inatoka hafifu kama chai iliyozidi maji, na wasichana wote wangeonyesha mikono yao. Nikaenda na mifuko yangu. Babu yako alikuwa amenipa mgongo, anakwenda kutawadha kwa ajili ya alasiri, hakuitazama mikono yangu. Nikainua ule ubao niupeleke juu ya beseni. Nailoni ikateleza kwenye mafuta.

Vyote vinane vikatumbukia kwenye beseni. Vililia kama shanga zilizokatika uzi.

Nilikuwa na dakika kumi mpaka arudi kutoka msikitini. Ningeweza kusema aliporudi. Angekasirika kidogo, angevua kanzu, tungekaa tukijaribu kila mume na kila mke mpaka ndoa zote nne zirudi, na kama hatuna hakika wageni wangeambiwa waje Jumatatu. Badala yake nikaanza kuvilinganisha mwenyewe na mikono ile ya mifuko. Viwili vilishuka vizuri. Cha tatu kilishuka haraka mno. Cha nne kilikuwa kizito, kilikwama katikati, nikakisukuma. Nikajiambia ni mafuta. Nikavipanga kwenye vitundu vyake vizuri sana, kama mtu aliyevunja kikombe akakiegesha ukutani kisionekane ufa.

Babu yako akaingia miguu ingali na maji. "Tayari?"

"Tayari."

Akafunga. Kwa kawaida angeipeleka benchini, mirija ingenisema pale pale. Umeme hakuna. Akasema, na neno hili sijalitoa masikioni, "Leo benchi langu ni mikono ya Mwanaidi."

Nimeinuka hapa, nimekwenda kuangalia maharage. Chumvi nilikuwa nimetia.

Asubuhi gari liliwaka kwa kusitasita. Babu yako akasema limelala na baridi. Mie nilikaa mbele pamoja naye, wakubwa nyuma kwenye gari lao. Tulipotoka mjini akageuza koki, nazi ikaanza kuingia, akatabasamu, akaitazama mikono yangu juu ya mapaja. "Hina imekolea," akasema. Nikaificha ndani ya kanga.

Tulikuwa tumekaribia njia ya kuingilia Tongoni. Gari likaanza kukohoa, likapungua nguvu, likatikisika kama mwenye homa, likazima. Babu yako akajaribu mara tano. Wageni wakashuka, wakasimama barabarani na viatu vyao vinavyong'aa. Mmoja akainama kwenye injini akanusa, akasema, "Fundi, hapa kimepungua kitunguu." Wakacheka. Babu yako naye akacheka, lakini mkono wake haukutoka juu ya boneti. Mmoja wa wale walimu alimshika bega, akamwambia jaribio moja si kitu, angoje. Wengine walikuwa wamekwisha kurudi garini. Tulivutwa kwa kamba mpaka nyumbani. Mzee Jumbe alipelekewa habari na mpita njia wa baiskeli, madafu yalikuwa yamekwisha kukatwa.

Jioni umeme ukarudi. Akafungua pampu. Kijiti kimoja kilikuwa kimeng'ang'ania kwenye ala yake, hakitoki. Akakitazama chini ya taa na macho yale yaliyokuwa yameanza kuchoka. "Imenata," akasema. "Mjini safari fupi, haikupata moto wa kutosha. Leo imepikika ikawa gundi." Mie nilikuwa pembeni nimeshika beseni, nikaona. Haikuwa gundi. Chuma kilikuwa kikavu, kinang'aa, kina mikwaruzo. Chuma kwa chuma. Mke wa mtu na mume asiye wake.

Akageuka, akaniuliza, "Mwanaidi, uliviosha vizuri?"

"Niliviosha vizuri, Baba."

Kweli tupu. Swali halikuwa lile, nami nililijua swali lenyewe, nikamjibu alilouliza. Ukitaka kujua uongo wangu mkubwa kuliko wote, ni huo, na hauna neno moja la uongo ndani yake.

Utaniuliza niliogopa nini. Hakuwa mtu wa kupiga. Niliogopa wajomba. Niliwasikia kichwani, "Tulikwambia, Bakari." Niliogopa kuondolewa pale kwenye mirija. Na unajua kilichotokea? Niliondoka mwenyewe. Kila nilipoinua ule ubao nilivunja kitu, nikasahau namba. Miezi mitano haijapita posa ya baba yako ikaja, nikasema ndiyo kabla sijamaliza kuulizwa. Baba yako mtu mwema, wala sijutii, nilikupata wewe. Lakini umeniuliza mara ngapi, "Mama, wewe unajua pampu kuliko hawa wanaume wote, kwa nini umekaa na vitumbua?" Nilikujibu dizeli inanipa kichwa. Dizeli haijawahi kunipa kichwa. Naipenda harufu yake mpaka leo, lori likisimama mbele ya nyumba natafuta sababu ya kutoka nje.

Lile tangi la bati babu yako alimpa Bi Chausiku anyweshee bata. Ndilo lile ulilokuwa ukiingia na nguo zako ukiwa na miaka mitatu, tunakutoa umejaa manyoya. Kila mtu akicheka, nami nacheka nao. Mzee Jumbe alikuja mwaka uliofuata, "Fundi, nazi zangu zimejaa uani, gari liko wapi?" Babu yako akamwambia, "Ndugu yangu, kuleni tu. Ni chakula hicho." Mwaka ule Mzee Jumbe akakata minazi mingi akauza mbao. Nilimpakulia chai siku ile. Nilikuwa na tumbo lako.

Nilipata nafasi nyingine nyingi za kusema, na iliyoniuma zaidi ni yako. Ulikuwa na miaka minane. Umeharibu kazi ya shule, unalia, babu yako akakupakata hapo kwenye benchi akakwambia, "Fundi mzuri hukubali akishindwa. Mie nazi ilinishinda, nikakubali, nikalala usingizi." Akakufundisha ujasiri kwa kitu ambacho hakikutokea. Nilikuwa mlangoni na birika. Nikamimina chai. Ilifurika kwenye sahani, akaniambia, "Mwanaidi, leo uko wapi wewe?"

Alipokufa mwaka juzi, watu walijaa barabara nzima, mafundi wa magari wamefunga karakana zao, wamesimama na mikono yao myeusi. Wote walimtaja kwa benchi lake na mirija yake. Mmoja tu, mtu mzima sana, akasema, "Na alikuwa na lile wazo la nazi, masikini." Masikini. Nilitamani niinuke nilitoe neno lile kinywani mwake. Nikashika buibui langu, nikakaa.

Kwa muda nilijidanganya kwamba alijua. Nilikuwa nalala nikijiambia, fundi kama yule, hakosi kuona. Alijua akanisitiri. Ni tamu sana fikra hiyo. Lakini wewe umekua mikononi mwake, sema mwenyewe, angeweza babu yako kusema uongo juu ya injini ili kumfurahisha mtu? Hata mimi? Hakujua, Rukia. Alikufa anaamini kichwa chake kilimdanganya, na kumbe kichwa chake kilikuwa sawa. Mikono ndiyo ilikuwa na mifuko.

Kwa nini nakwambia leo na si mwaka ujao? Kwa sababu kesho unakwenda mahali ambako neno likisemwa huandikwa. Walimu wakikuuliza umejulia wapi pampu utamtaja babu, na itakuja habari ya nazi, nawe utasema kama ulivyomwambia Mwanahawa. Watakuamini, maana wewe ni mjukuu wake. Basi itakuwa imekufa mara ya pili, na safari hii kwa mdomo wako, nami nimekuangalia ukiondoka.

Sisemi nazi inafaa. Mie sijui. Labda mwezi wa pili ingenata kweli, labda mwaka wa pili ingeua injini. Darasa la saba haliwezi kukuambia hayo. Ninachojua ni hiki: vilivyotoka pampuni baada ya wiki tatu vilikuwa safi, na kilichokwama njia ya Tongoni kilikwama kwa sababu hakikuwa chake. Nazi haikushindwa, haikupimwa. Akikuuliza mtu, mwambie hivyo, na ukitakiwa shahidi, nipe hata simu niseme mwenyewe, mbele ya mwalimu yeyote, kwa Kiswahili changu hiki. Sikutumi ukaifufue. Usije ukajifunga miaka kwa deni langu. Ukitaka kusoma hizi pampu mpya za kompyuta usiiguse nazi hata siku moja, nenda, furaha yangu ile ile. Ila usiiache kwa sababu ya uongo wangu.

Na wewe mwenyewe huko utaharibu vitu. Lazima. Mikono yako ina haraka kama yangu, nimeiona. Nikikumbuka sasa, kuangusha ubao kulikuwa kitu kidogo sana. Ilikuwa ajali ya msichana aliyetaka kupendeza. Zile dakika kumi alipokuwa msikitini ndizo zilizokula miaka kumi na tisa. Nilidhani nanunua muda, nikajikuta kila siku inayopita kusema kunakuwa kugumu zaidi, mpaka ikafika siku hakuna wa kumwambia. Nimekwenda kaburini kwake mara tatu mwezi huu. Nimesema yote kwa sauti. Upepo tu. Aliye hai ndiye huumwa na maneno, na ndiye hujibu.

Nimebaki na wewe.

Nilipoanza karatasi hii niliwaza niifutike chini kabisa ya begi lako, uikute umekwisha kufika, nami niko huku, huoni uso wangu. Nimeandika mpaka hapa nikaona nafanya yale yale, napanga vitu vizuri kisha naondoka kabla havijapimwa. Hapana. Nitakupa mkononi, usome hapa mezani, nami nimekaa mbele yako sitoki hata maharage yakiungua. Ukikasirika, kasirika ningali karibu. Ukitaka kukaa kimya mpaka stendi, nitatembea nawe kimya.

Nasikia sauti yako nje, unamwamkia Bi Chausiku shikamoo, naye anakushika mkono hataki kuuachia. Mwache aushike kidogo. Mie hapa moyo unanienda mbio kama mota ya benchi, lakini kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa msichana sitafuti pa kuificha mikono.

Ukimaliza kusoma, mwanangu, usinihurumie haraka. Niulize kwanza.

Mama yako,
Mwanaidi binti Bakari